Keziah Holroyd na Ngazi za Saa Nne

Wageni wakija Harbeck husimama ng'ambo ya barabara, huinua videvu na kulisifu jengo la zimamoto. Matofali mekundu, malango mawili makubwa ya kutokea magari ya pampu, vichwa vya simba vya mawe juu ya kila lango, na mnara mrefu wa kukaushia mipira ya maji ambao mgeni huudhani wa kanisa. Waache wasifu. Hawajapanda na ndoo ya makaa mpaka ghorofa ya tatu. Mimi nimepanda miaka minane, na nikinyamaza juu ya jengo lile nitapasuka.

Jina langu Tabitha Sugden. Mume wangu Enoch alikuwa mwendesha farasi wa gari la pampu la kwanza. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Keziah Holroyd, jirani yangu wa mlango kwa mlango, na ya Septimus Garside, Mkuu wa kituo, mtu ambaye hata leo nikilitaja jina lake natamani kusukutua mdomo.

Simba walikuwa mbele, sisi tulikuwa nyuma. Nyuma palikuwa na ua wa mawe, na kuuzunguka ua ghorofa nne za vyumba viwili viwili, familia kumi na sita, kila mlango ukitazama roshani ya chuma na kila roshani ikitazama mavi ya farasi. Juu ya kila kitanda palikuwa na kengele kubwa kama sufuria. Ikilia, baba ana nusu dakika awe chini na buti miguuni. Nguo zisianikwe zikaonekana barabarani. Watoto wasikimbie roshani. Na mwanamume akifukuzwa au akifa, mkewe na wanawe wana wiki mbili tu za kuhama, maana vyumba vile vilijengewa kazi, havikujengewa watu.

Kaka yangu Jabez ni fundi mwashi, na alikuwepo pale tangu msingi. Aliniambia kwamba ramani ya kwanza ilikuwa na ngazi pana, zilizonyooka, zikishuka katikati ya jengo mpaka kwenye magari. Bwana Garside akaitazama akasema hapana, buti za watu zitapita kwenye ukuta wa chumba chake cha kulia chakula. Basi ngazi zetu zikasukumwa kwenye pembe ya ua, ndani ya kijinara cha duara, zikawa zinajizungusha kama ganda la konokono. Kila daraja la ngazi lilikuwa pana upande mmoja na jembamba kama kipande cha keki upande wa pili. Wanaume kumi na sita walitakiwa kushuka pale mbio, na hapakuwa na kitu cha kushika. Fedha ya vyuma vya kushikia ilikwenda kwa simba.

Yeye Garside alikuwa na nyumba yake upande wa mbele, na mlango wake mwenyewe wa barabarani. Ndani ngazi za mbao zenye zulia, nje madaraja matatu ya jiwe lililong'arishwa. Nayo hayakuwa na chuma cha kushika, maana mchoraji wa ramani alisema chuma kitaharibu sura ya mbele. Yakumbuke madaraja hayo matatu.

Sasa Keziah. Alikuwa mfupi, mikono mikubwa, mzaliwa wa Harbeck hasa, tangu ana miaka kumi kiwandani akiunga nyuzi za sufu. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Mumewe Seth alikuwa baharia zamani, mrefu, mpole, anayeimba akinyoa ndevu. Sijui alimpendea nini mwanamke mkali vile, lakini alimpenda, na akipita roshani lazima amguse bega, hata kama amebeba beseni.

Huku kwetu mwanamke hupimwa kwa kizingiti chake. Unaosha daraja la mlango, na likiwa bado bichi unalisugua ukingo kwa jiwe laini, jiwe unalopewa na mnunua matambara ukimpa soksi chakavu, na ukingo unabaki na mstari mweupe au wa rangi ya siagi. Mlango usio na mstari ni aibu ya ukoo mzima. Pale kituoni tulikuwa na zamu ya kuziosha ngazi za kijinara, na hakuna aliyesugua kama Keziah. Mstari wake ulinyooka kama umepigwa rula. Sheria ilibandikwa ukutani: ngazi zioshwe kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, zikauke. Kila mtu alijua sababu. Jiwe lile likiwa bichi huteleza kuliko sabuni.

Halafu palikuwa na bomba la kusemea. Lilitoka ofisini kwa Mkuu, likapanda ukutani, na kwenye kila roshani likatoa mdomo wa shaba uliozibwa kwa filimbi. Garside akitaka kuamrisha anapuliza kule chini, filimbi inalia huku, unaichomoa na kutega sikio. Mdomo wetu ulikuwa kati ya mlango wangu na wa Keziah.

Ilikuwa Mei, mwaka elfu moja mia nane tisini na tatu. Kamati ya mji ilikuwa inakuja saa sita mchana kukagua. Zamu ilikuwa ya Keziah, na alikuwa ameshaziosha ngazi tangu alfajiri, zimekauka, zinang'aa. Saa tatu na nusu mchukuzi wa makaa akapanda na buti zake za tope mpaka juu, akashuka. Haikupita muda filimbi ikalia. Keziah alikuwa na unga mpaka viwiko, anakanda mkate.

"Tabitha, pokea hilo mwenzangu, mimi nimenata."

Nikachomoa filimbi. Sauti ya Garside ikaja imebanwa, kama mtu anayesemea ndani ya chupa.

"Mwambie Holroyd ngazi zina tope. Zioshwe tena sasa hivi, na kingo zisuguliwe jiwe. Kamati inafika saa sita."

"Bwana Mkuu, lakini zitakuwa mbichi, na kama kengele..."

"Sikukuuliza."

Nikarudisha filimbi. Nikamwambia Keziah neno kwa neno. Akasimama na unga wake unadondoka.

"Saa hizi? Na kengele ikilia?"

"Mimi nimepokea tu, shoga. Usinikazie macho mimi."

Akafuta mikono kwa aproni, akachukua ndoo na jiwe. Alianzia juu, akishuka kinyumenyume kwa magoti kama tunavyofanya sote. Saa nne ilipogonga kwenye mnara wa kanisa alikuwa amefika katikati ya ghorofa ya tatu na ya pili. Na kengele ikalia.

Ulikuwa moto wa dohani, masizi tu, kwenye duka la mikate. Mwenye duka aliuzima mwenyewe kwa chumvi kabla gari halijafika.

Seth ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka. Nilimwona akinipita mbio, ukanda wake hajaufunga. Nikasikia buti yake ikisema mara moja kwenye jiwe, kisha sikusikia buti tena. Alimpita Keziah akiwa palepale amepiga magoti. Mkono wake uligusa bega lake, kama kawaida yake, ila safari hii alikuwa anatafuta pa kushika. Alikuja kukomea chini kabisa, kichwa chake kwenye ukuta wa kijinara.

Garside alimwaga vumbi la mbao kwenye ngazi, na Kamati ikaja saa sita kama ilivyopangwa.

Kifo cha Seth kilichunguzwa siku ya tatu, kwenye chumba cha juu cha baa ya Ngozi ya Kondoo, maana huko ndiko kulikuwa na meza ndefu. Hakimu, wazee wa baraza kumi na wawili, na sisi wote nyuma tumejibana kwenye mabenchi. Garside aliapa na kofia yake ya shaba kwapani. Akasema, "Sheria iko ukutani tangu jengo lifunguliwe. Mimi sikutoa amri yoyote. Kwa nini mama yule aliosha ngazi saa nne, muulizeni yeye mwenyewe."

Hakimu akamgeukia Keziah. "Nani alikuamuru?"

"Mkuu, kwa bomba."

"Ulimsikia kwa masikio yako?"

Keziah hakujua kudanganya. Laiti angejua! "Hapana, bwana. Bomba lilipokewa na mwingine."

"Nani?"

Akageuka akanitazama. Hakunitaja. Alikuwa anajua kama mimi ninavyojua kwamba nikisimama, kabla ya Jumapili Enoch hana kazi na wanangu wanne wako barabarani. Akaniachia mwenyewe nisimame. Enoch alikuwa amenishika kifundo cha mkono, na kunibana. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Nilikuwa nimevipaka rangi asubuhi ile kwa ajili ya heshima ya Seth. Vilikuwa na vifungo sita kila kimoja. Nilivihesabu vyote.

"Basi," hakimu akasema, "hakuna mtu."

Wazee wa baraza walikubaliana kwamba ni ajali, iliyoletwa na uzembe wa mke wa marehemu. Uzembe wa Keziah! Diwani Murgatroyd, mwenye kiwanda cha kutia rangi, ndiye aliyeyasoma maneno hayo, na aliyasoma kwa huruma, jambo lililonikera zaidi.

Wiki mbili hazikufika. Alihama siku ya tisa. Nilimbebea kiti kimoja mpaka getini, na pale akakichukua mkononi mwangu. Hakuwa na mtoto. Alipanga chumba ng'ambo ya barabara, juu ya duka la matumbo ya ng'ombe, dirisha likitazama ana kwa ana na mlango wa mbele wa Garside.

Asubuhi ya kwanza alipokuwa huko, saa nne kamili, alivuka barabara na ndoo. Akapiga magoti mbele ya yale madaraja matatu ya jiwe lililong'arishwa. Mtumishi wa Bi Garside alikuwa ameshayaosha na kuyasugua tangu alfajiri, kama desturi. Keziah akayamwagia maji upya. Akatoa jiwe lake, akayasugua kingo, mstari wa siagi, umenyooka. Akainuka akaenda zake, akayaacha yanang'aa kwa ubichi. Saa nne na dakika tano ndiyo saa ambayo Garside alikuwa akitoka kila siku kwenda ofisi ya mji.

Alitoka. Akaona. Akasimama, mguu mmoja hewani.

Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Wiki iliyofuata Bi Garside akafungua dirisha. "We mwanamke! Nani kakuajiri hapa?"

"Hakuna, bibi. Nimeona tope."

"Hakuna tope!"

"Siku ile pia lilikuwa dogo, bibi."

Wakamwita Konstebo Pickles. Pickles alikuwa kijana wa hapahapa, mama yake akiuza mikate ya shayiri sokoni. Akaja na kirungu, akasimama, hajui aanzie wapi.

"Mama Holroyd, tafadhali uondoke hapo."

"Kwa kosa gani, afande?"

"Kwa kosa la... la kuosha."

Watu waliokuwa wanapita walicheka mpaka mwenye duka la matumbo akatoka na kisu mkononi aje asikie. Mpaka jioni Harbeck nzima ilikuwa inauliza kwa nini mjane wa Holroyd anaosha mlango wa Mkuu saa nne. Anayeuliza anajibiwa na anayejua, na anayejua anamwongezea. Kina mama wa kiwandani wakaanza kupitia mtaa ule makusudi. Garside akitoka tu utasikia, "Taratibu, Bwana Mkuu, utateleza!" Mwishowe akaacha kutumia mlango wake mwenyewe. Akawa anapitia nyuma, uani, katikati ya farasi na samadi, na buti zake safi. Sisi kwenye roshani tulikuwa tunanyamaza kwa heshima, halafu tunaingia ndani kucheka kwenye mito. Nilicheka nami. Nilimchukia mtu yule kiasi kwamba nikikanda mkate nilikuwa naupiga kwa jina lake. Lakini nikivuka barabara kununua kitu na Keziah akapita, sikuwa na pa kuyaweka macho.

Nilijaribu mara moja. Nilimkuta dukani. "Keziah, na watoto wangu wale ungefanyaje?"

Alipokea matumbo yake, akayafunga gazetini vizuri. "Sikukuuliza," akasema. Neno lilelile la Garside, nami ndiye niliyempelekea siku ile.

Miaka mitatu, jamani. Kwenye theluji alikuwa anakuja na maji ya moto. Alikuwa amepata kazi ya kufagia Jumba la Mji, na madiwani wote walikuwa wanampita asubuhi amepiga magoti kwenye kumbi zao. Hakuwaambia neno, wala hakuwapa shikamoo. Saa nne kasorobo alikuwa anavua aproni ya kazi, anakuja kwa Garside.

Mwaka tisini na sita Meya mpya akataka kuona kituo kwa macho yake. Alikuwa na treni ya saa tano, kwa hiyo ukaguzi ukawekwa saa nne. Garside angekataa vipi? Utaratibu wenyewe aliubuni yeye, miaka ya nyuma, kwa ajili ya kujionyesha. Mgeni anabonyeza kengele, farasi wanatoka na gari la pampu chini ya simba, na Mkuu anatokea kwenye mlango wake wa mbele na kofia ya shaba, anashuka madaraja matatu, anaruka kwenye gari na watu wanapiga makofi. Tangu Keziah aanze, utaratibu huo haukufanywa. Safari hii Meya aliuomba mwenyewe, alikuwa amesimuliwa.

Garside akamweka Konstebo Pickles mlangoni tangu saa tatu. Sisi wake za wazimamoto tulipangwa chini ya lango, aproni nyeupe, watoto wamechanwa nywele. Meya na madiwani wakasimama barabarani, Murgatroyd akiwa katikati yao. Saa nne kasoro dakika tano Keziah akavuka barabara na ndoo yake.

Nilimsikia Pickles kwa masikio yangu. "Mama, nimeambiwa nisikuruhusu kabisa."

"Umeambiwa na nani?"

"Na Mkuu."

"Kwa maandishi?"

Pickles akafikiri. "Hapana. Kwa mdomo."

"Basi shauri lako, mwanangu. Maana maneno ya mdomo huwa anayakana."

Pickles akageuka taratibu, akaukazia macho mnara wa kanisa. "Mimi naangalia saa, mama," akasema.

"Iangalie vizuri."

Akaosha. Akasugua. Madiwani walidhani ni sehemu ya maandalizi, mmoja hata akamsifu. Saa ikagonga, Meya akabonyeza kengele. Enoch akatoa farasi vizuri kuliko siku zote, gari likasimama mbele ya nyumba ya Garside, moshi unafuka, wanaume wamenyooka. Mlango wa Mkuu ukafunguka.

Alikuwa amependeza, siwezi kusema uongo. Kofia ilikuwa inawaka jua. Akaweka mguu mbele, akayaona madaraja, akaurudisha. Akashika mwimo wa mlango. Tukangoja. Farasi mmoja akapiga kwato. Meya akatoa saa yake mfukoni akaitazama, akamtazama Garside, akaitazama tena.

"Bwana Garside," akaita, "mji unaungua!"

Watu wakacheka. Na hapo akapandwa na hasira, uso ukawa rangi ya matofali yake. "Ni mjinga gani," akafoka, "anayeosha ngazi saa ya kengele?"

Keziah alikuwa bado yuko palepale, jiwe mkononi. Akainuka. Magoti yake yalikuwa yameloa.

"Mjinga aliyeamriwa, Bwana Mkuu."

"Hakuna aliyekuamuru! Leo wala siku ile!"

Sijui kilichonitokea. Nilipangwa mstari wa mbele, nikatoka mstarini. Enoch aliniona kutoka kwenye kiti cha gari, akatikisa kichwa, nami nikageuza uso nisimwone. "Aliamriwa," nikasema. Sauti ikatoka ndogo, ikabidi niirudie. "Aliamriwa! Bomba nilipokea mimi. Ulisema, mwambie Holroyd ngazi zina tope, zioshwe tena sasa hivi, na kingo zisuguliwe jiwe. Nikakuambia zitakuwa mbichi. Ukaniambia hukuniuliza."

Diwani Murgatroyd, aliyesoma yale maneno ya uzembe, alivua kofia na kuishika kama mtu aliyeingia msibani. "Wewe mama," akaniuliza, "ulikuwepo siku ya uchunguzi. Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu nalala chini ya paa lake," nikajibu. "Sote hapa tunalala kwake."

Meya aliirudisha saa mfukoni. "Bwana Garside, hebu shuka hapo uje utueleze."

Hapakuwa na chuma cha kushika. Alijaribu kushuka kwa ubavu, mguu ukateleza, akashika mlango tena. Halafu, mbele ya Meya, madiwani, wazimamoto kumi na sita na kina mama wote wa kiwandani waliokuja makusudi, Septimus Garside alikaa chini, akashuka kwa makalio. Daraja la kwanza. La pili. Kwenye la tatu kofia ya shaba ikamtoka, ikabingirika mpaka miguuni kwa Keziah. Keziah akaisogeza kando kwa ncha ya kiatu, akapiga magoti, akausugua upya ule mstari Garside aliouharibu kwa suruali yake.

Nasema ukweli wangu, sijawahi kuona kitu kitamu kama kile, na nimeona wanangu wanne wakizaliwa.

Kamati haikutaka kelele. Ilitangazwa kwamba Mkuu anastaafu kwa sababu za afya. Nyumba ile nayo ilikuwa ya kazi, kumbe, na yeye pia akapewa wiki mbili. Siku walipokuwa wanalitoa zulia la ngazini tulitoka wote roshanini tukaketi, na mmoja wetu aligawa keki ya shayiri. Kwenye kijinara wakatia chuma cha kushika, mwezi uleule. Keziah aliandikiwa barua yenye mhuri, kwamba ule uzembe umefutwa. Aliisoma mara moja, akaitumia kufungia jiwe lake la kusugulia.

Mkuu mpya alikuwa mtu wa adabu. Alimwambia Enoch kwa adabu kwamba macho yake hayafai tena kuendesha farasi, na kwamba vyumba vyetu vinahitajika. Wiki mbili. Tukapanga kijumba kwenye mtaa uitwao Njia ya Wanyoosha Vitambaa, mlango unafungukia barabarani, daraja moja la jiwe. Nilijiambia kwamba sasa angalau nimelipa. Nimepoteza nyumba kwa ajili yake, tuko sawasawa.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa natundika sufuria nikasikia ndoo ikitua nje. Saa ya kanisa ilikuwa inagonga nne. Nikafungua. Keziah alikuwa amepiga magoti, daraja langu linachuruzika maji, mstari wa siagi umefika nusu.

"Keziah," nikasema, "nilisema. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema."

"Nilikusikia."

"Basi sasa nini?"

Alimaliza mstari mpaka mwisho, hakuharakisha. Akafinya kitambaa. "Yule alikuwa hanijui, Tabitha. Wewe mkate wangu ulikuwa unaula."

Akabeba ndoo, akaondoka. Akaja kesho yake, na keshokutwa. Enoch alitaka kumwita Pickles, nikamwambia akithubutu atalala nje. Sasa ni mwaka wa kumi na tatu anakuja. Garside alikufa huko pwani alikohamia na hakuna aliyetia maanani, na Keziah mwenyewe magoti yamevimba kama mikate, akiinuka lazima ashike ukuta wangu. Jana nilimtolea mto wa kupigia magoti, nimeushona mwenyewe, nimeujaza sufu. Alipofika nikauweka kwenye daraja na kusimama kando.

Aliutazama. Akausukuma kwa mgongo wa mkono mpaka ukaanguka barabarani, akapiga magoti juu ya jiwe, akaanza kusugua.

Nilikuwa na safari ya sokoni. Nikarudi ndani, nikakaa na kikapu mapajani, nikangoja daraja likauke.